Kadi imesema "vazi la kale": kale ipi uvae?

Kadi ya mwaliko iliingia kwenye kundi la familia Ijumaa jioni. Kufikia Jumamosi asubuhi watu walikuwa wameshaandikiana ujumbe kama mia hivi, na hakuna uliogusa mahari wala ukumbi. Wote walikuwa wakigombania mstari wa mwisho wa kadi: "Vazi: enzi za kale." Shemeji akatuma picha ya joho. Binamu akajibu kwa picha ya bugaluu, ile suruali pana chini ya miaka ya 1970. Shangazi, ambaye haandiki bali hurekodi sauti, akauliza: "Jamani, kale ipi hiyo? Ya bibi yangu, au yangu mimi nilipokuwa msichana?"

Shangazi alishika penyewe. Wengi wanaoharibikiwa usiku wa namna hii hawaharibikiwi kwa kukosa pesa. Wanachanganya: kilemba cha zama za Sultani Barghash kichwani, miwani ya 1975 usoni, raba miguuni. Nguo nzuri, ila haina mwaka. Kwa hiyo kila nikiombwa ushauri huanza hapo: taja mwaka kwanza. Ukishasema "Unguja, 1885", au "Mombasa, 1930", au "Dar, 1972", nusu ya maswali yanajijibu. Raha yenyewe nayo, ya kuuliza wazee, kupekua masanduku na kubishana na fundi, inaanza papo hapo.

Na asiseme mtu kwamba mchezo huu tumeuona juzi kwenye televisheni tukauiga. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama vya ngoma ya beni vilikuwa vikishindana kwa mavazi. Vyama viwili mahasimu, Marini na Arinoti, vilitoka na magwanda ya kijeshi, vyeo vya kijeshi na bendi, kila upande ukitaka kumfunika mwenzake. Walijua kujigeuza kwa nguo zamani sana, kabla sisi hatujaanza kuchapisha kadi.

Kale ninazolinganisha hapa ni tatu, maana ndizo watu wetu hukwama kati yake: Unguja ya masultani katika karne ya 19, mwambao wa miaka ya 1920 na 1930, wakati wa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, na zilipendwa, yaani mwisho wa miaka ya 1960 hadi 1970 na kitu.

Nazipima zote kwa mambo yale yale. Kwanza vazi lenyewe na ushahidi wake: tunajuaje kwamba watu walivaa hivyo? Pili fundi na mfuko: linapatikana wapi, linashonwaje, na kesho yake utalifanyia nini. Tatu mwili: joto, kukaa, kula pilau kwa mkono, kucheza, na lile ambalo hakuna anayeuliza mpaka saa nne usiku, kwenda msalani. Nne macho ya watu: heshima, dini, na historia ambayo nguo inabeba hata kama wewe huijui. Kisha nasema linamfaa nani.

Ugumu wetu mmoja wageni hawanao. Huko Ulaya anayevaa nguo za 1850 amevaa kitu kilichokufa. Sisi kanzu iko msikitini kila Ijumaa, kanga iko jikoni sasa hivi. Ukija umevaa kanzu tu, umekuja kama kawaida yako. Kinachoifanya iwe ya mwaka fulani ni vitu vidogo, na hivyo vidogo ndivyo vitakavyokula muda wako.

UNGUJA YA MASULTANI

Vazi lenyewe. Mwanamume: kanzu, joho juu yake, kilemba cha debwani, mshipi wenye jambia, makubadhi miguuni. Mwanamke wa kasri au wa nyumba kubwa: kanzu inayoishia chini kidogo ya magoti, ndani yake suruali ya marinda inayoonekana mpaka kwenye vifundo vya miguu, shela kichwani, na barakoa usoni. Ndiyo, barakoa. Neno lilikuwepo karne nyingi kabla ya korona, na ukiwaambia vijana "njoo na barakoa" hakikisha wameelewa ni ipi. Juu ya hayo weka majasi masikioni, mikufu, mitali miguuni, hina, wanja, asumini kwenye nywele, na udi uliofukizwa kwenye nguo zenyewe saa moja kabla ya kutoka.

Ushahidi wa kale hii ni mwingi kuliko watu wanavyodhani, na kitovu chake ni mwanamke mmoja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapwa Ujerumani 1886, na ndani yake kuna nguo, vito na manukato ya kasri yameelezwa na mtu aliyeyavaa. Ile picha yake maarufu, yenye suruali ya marinda na vito, ndiyo ambayo mafundi wengi huletewa kwenye simu waambiwe "nishonee hii".

Kuna jambo kwenye picha hiyo ambalo mimi hulipenda. Haikupigwa Unguja. Ilipigwa studio, Hamburg, baada ya kuondoka kwake. Yaani naye alikuwa amejipamba kwa nguo za nyumbani mbele ya kamera, katika mji ambao watu barabarani walivaa vinginevyo kabisa. Kwa hiyo ukihisi unaigiza, hata picha unayoiga ilikuwa na chembe ya kuigiza.

Fundi na mfuko. Hii ndiyo ghali kati ya tatu, lakini si lazima ununue kila kitu. Joho usishone. Muulize bwana harusi yeyote wa miaka mitano iliyopita, lake limetundikwa kabatini na hana safari nalo. Kilemba kinataka mtu anayejua kukifunga. Jaribuni siku mbili kabla, si kwenye gari. Suruali ya marinda inashonwa na fundi yeyote anayeshona magauni ya watoto, ila mwangalie: atataka kuweka zipu, na zipu haikuwepo. Mwambie utepe au kamba. Atakuangalia kama umechanganyikiwa. Kaza.

Kitambaa ndicho kinachowaumbua wengi. Satini ya poliesta inang'aa chini ya taa za ukumbi kama karatasi ya peremende, na kila picha inalia. Tafuta pamba nyepesi, au hariri ya kweli hata kama ni kidogo tu, kwenye shela. Baada ya sherehe seti ya kike inabaki kuwa vazi la sherehe. Ya kiume inaachana: kanzu inaendelea na maisha yake, joho linarudi kwa mwenyewe.

Mwili. Mara ya kwanza nilivaa joho la mahameli lenye bitana ya poliesta, mwezi wa Februari, kwenye ukumbi ambao viyoyozi vilikata kabla ya bibi harusi kuingia. Pilau ilipofika nilikuwa nimelowa kama niliyetoka kuogelea, na sikuweza kulivua kwa sababu kanzu ya ndani ilikuwa imenigandia mgongoni. Tangu siku hiyo joho langu ni jepesi, na linavaliwa kwa kuingia, kwa picha, kisha linakaa kwenye kiti.

Jambia nalo lina adabu zake. Ukikaa linakuchoma tumbo, watoto hulivuta, na mlinzi wa hoteli ana haki ya kukusimamisha. Chukua ala tupu. Mke wangu, kwa upande wake, anasema suruali ya marinda ni raha ya kutembea na taabu ya msalani, na kwamba barakoa hudumu mpaka sambusa ya kwanza.

Macho ya watu. Hapa naomba nikae kidogo.

Unguja ile haikuwa joho tupu. Wengi walivaa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Marekani hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833, na kaniki, nguo ya buluu nzito iliyokaribia weusi. Kufunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa alama za uungwana; watumwa hawakuruhusiwa. Sheria ya kukomesha utumwa Unguja ilikuja 1897. Wapo watu mwambao huu, pengine meza moja na wewe, ambao upande mmoja wa ukoo wao ulivaa joho na upande mwingine ulivaa kaniki.

Sisemi usivae. Mavazi yale ni kazi ya mikono mizuri na ni yetu pia. Ninalosema ni kwamba usilifanye lile giza liwe pambo. Niliwahi kufika kwenye sherehe moja ambayo vijana wa kugawa vinywaji walivalishwa kaniki na kuachwa miguu mitupu, ili "kukamilisha mandhari". Mzee mmoja alisimama, akaaga kwa upole, akaondoka na wanawe. Ukumbi mzima ulijua kwa nini.

Linamfaa nani. Anayetaka kuingia ukumbini watu wanyamaze. Anayependa utafiti kuliko dansi. Maharusi wenyewe, maana wana wiki za maandalizi na wasaidizi. Halimfai mwenye kubeba mtoto mchanga, wala anayejua kwamba saa tano atakuwa katikati ya uwanja anacheza.

MWAMBAO WA SITI

Vazi lenyewe. Mwanamke: doti ya kanga, moja kiunoni au kifuani, moja kichwani na mabegani; akitoka nje, buibui la zamani lile la kujifunika gubigubi, lenye ukaya wa kushusha usoni. Mwanamume: kanzu na koti juu yake, kofia iliyodariziwa kwa mkono au tarbushi nyekundu yenye kishada, bakora mkononi. Akiwa nyumbani au baharini, kikoi.

Kanga haikuwepo tangu Adamu, ingawa tunaishi nayo kama vile ilikuwepo. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19, ikitokana na leso zilizouzwa kwa jora na kuunganishwa vipande, ndiyo maana Mombasa hadi leo wengine huiita leso. Maneno yalikuja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazoandikia. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza Mombasa 1887, na jina hilo bado watu hulitafuta pembeni mwa kanga kabla ya kulipa.

Linalonigusa zaidi katika kale hii ni waliovaa. Utumwa ulipokomeshwa, wanawake waliokuwa wakivaa merikani na kaniki waliziacha, wakanunua kanga za rangi, wakafunika vichwa vyao, baadaye wakavaa buibui kama waungwana. Nguo ilikuwa tangazo. Kwa hiyo ukichagua kanga kwa usiku wa mavazi ya kale, unamvaa mtu ambaye naye alisimama dukani akichagua, akigeuza doti moja baada ya nyingine, kwa furaha ambayo mama yake hakuruhusiwa kuwa nayo.

Siti binti Saad ni wa mkondo huo. Alizaliwa Fumba, kwenye familia ya wafinyanzi, akauza vyungu, akahamia mjini Unguja 1911, na 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilikuwa kimeshaanzishwa tangu 1905, na ukitaka mfano wa mpiga ala wa zama hizo, kanzu na koti na tarbushi vinatosha kukupeleka huko.

Fundi na mfuko. Rahisi kuliko zote. Doti ya kanga kutoka Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, Biashara Street ya Mombasa au Darajani, na fundi wa kupinda kingo tu. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo mwenye mwili mkubwa asijidanganye kwamba moja itazunguka mara mbili. Chagua mchoro wa zamani. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusini, haijawahi kumwangusha mtu. Epuka yenye picha ya kiongozi au nembo ya kampeni, hata kama ndiyo pekee uliyonayo iliyo mpya.

Soma jina. Narudia, soma jina. Kanga ni pindo la pembeni, mji wa katikati na jina, yaani yale maneno yake, na watakaokuja kwenye sherehe watasoma jina kabla ya kukusalimia. "Wema hauozi" haina ubaya. Ukivaa fumbo la kumsema mtu, wifi yako ataamini ni yeye hata kama uliokota ya kwanza kwenye rafu.

Kilicho kigumu ni buibui na kofia. Buibui la leo limeshonwa kama joho la mbele wazi, si lile la kale. Itabidi umpate mzee mwenye lake, au fundi mzee anayekumbuka. Kofia ya mkono, yenye vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, humchukua mshonaji wiki nyingi, na bei yake ni halali. Ya mashine inatosha kwa ukumbini, lakini mjuzi ataiona. Koti kalisake mitumbani, Karume, Gikomba au Kongowea: jembamba, la rangi iliyotulia, bila mabega yaliyotuna ya miaka ya 1980.

Hakuna kitakachopotea. Kanga itaingia jikoni, koti litaenda ofisini, kofia itaenda msikitini.

Mwili. Baridi na wepesi. Tatizo pekee ni kuteleza: kanga iliyofungwa kwa fundo zuri mbele ya kioo huanza kushuka dakika ya 20 ya kucheza. Funga utepe kiunoni kwanza, kanga juu yake. Ngoma ikikolea, kanga ya pili inakuwa kibwebwe na hapo hakuna anayejali 1930 wala 2030. Kanzu na koti nayo ni nafuu, mradi koti livuliwe wakati wa kula. Mkono wa koti na mchuzi wa pilau havijuani.

Macho ya watu. Wazee watakupenda. Hii ndiyo kale ambayo bibi atakaa nayo, akuvute karibu, akupange kanga upya mbele za watu kwa sababu ulifunga kama mtoto. Kubali. Angalizo langu ni moja: buibui si la kuchekesha. Mwanamume aliyejitia buibui ili watu wacheke ataangusha heshima ya meza nzima, na wanawake wanaolivaa kwa imani yao wako humo humo ukumbini.

Kwa wasomaji wa Kampala: ninyi mna ya kwenu ya wakati huo huo, kanzu na koti kwa mwanamume na gomesi kwa mwanamke, na haina haja ya kuazima ya pwani.

Linamfaa nani. Karibu kila mtu, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: wageni 40 wakija na kanga na kanzu, sherehe itafanana na sherehe. Ni kwa mwenye subira ya vitu vidogo. Ni kwa mwenye watoto, mwenye umri, na mwenye siku chache.

ZILIPENDWA

Vazi lenyewe. Bugaluu iliyobana mapajani na kufunguka kuanzia goti, shati la kola ndefu, vifungo viwili vya juu wazi, raizoni, vile viatu vya soli nene, miguuni, nywele za afro zilizochanwa kwa kitana cha meno marefu. Mwanamke: sketi fupi au gauni la kitenge lililobana, wigi, au afro yake mwenyewe. Upande mwingine wa zama hizo hizo ni suti ya Kaunda, mikono mifupi na mifuko minne, nguo ya katibu wa tawi ambaye hakutaka kuona bugaluu mtaani kwake.

Ugomvi kati ya pande hizo mbili ni historia kamili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ianze Januari 1, 1969. Hapo katikati Kariakoo palichafuka, wasichana wakasumbuliwa na vijana kwa sababu ya mavazi yao. Mwaka huo huo wa 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na vitenge na kanga zake zikajaa nchini. Kwa hiyo kwenye meza moja ya zilipendwa anaweza kukaa kijana wa bugaluu, bibie wa kitenge cha Urafiki, na mzee wa suti ya Kaunda akiwatazama wote kwa jicho la pembeni. Nimeona kikundi cha marafiki kikifanya hivyo, na hiyo ilikuwa meza iliyopigwa picha kuliko zote.

Muziki wa kwenda nalo unajulikana: NUTA Jazz iliyoanza 1964, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe, kwanza na Morogoro Jazz kisha na Super Volcano, mpaka ajali ilipomchukua 1979. Wa Lubumbashi na Goma wana abakosti yao, ile koti isiyotaka tai iliyoenezwa na utawala wa Mobutu, na ukiivaa kwenye usiku wa rumba hakuna atakayekuuliza mwaka.

Ushahidi uko kwenye albamu za nyumbani. Hii ndiyo kale pekee ambayo mashahidi wake bado wanapokea simu. Waulize. Utapata picha ya baba yako ambayo hukuwahi kuonyeshwa, amesimama mbele ya pazia la studio lenye ndege, na utaelewa kwa nini hukuonyeshwa.

Fundi na mfuko. Katikati. Suruali ya mitumba iliyonyooka inageuzwa bugaluu kwa kupasua mshono wa pembeni kuanzia goti na kupachika pembetatu ya kitambaa, cha rangi ile ile au cha maua kama una ujasiri. Kazi ya alasiri moja. Shati la tetroni na kola yake linapatikana mitumbani, ukivumilia kupekua. Raizoni ndizo shida: fundi viatu hodari anaweza kuongeza soli kwenye kiatu cha kawaida, lakini mwachie wiki. Kitenge ukishone upya, kitavaliwa tena. Bugaluu, tuseme ukweli, itavaliwa mara moja, labda mbili.

Mwili. Kwa kucheza hakuna kama hii, isipokuwa vitu viwili. Tetroni haipitishi hewa. Vaa fulana ya pamba ndani. Na raizoni kwenye ngazi ni kaburi la vifundo. Fanya mazoezi nyumbani siku tatu, ukipanda na kushuka, ukiwa umebeba sahani.

Macho ya watu. Inategemea ukumbi. Sketi fupi mbele ya masheikh na mapadri waliokuja kuombea ndoa ni kosa la mwaliko, si la historia. Kama dua na dansi viko usiku mmoja, njoo na kitenge kwanza. Wigi la afro la rangi ya waridi, lile la dukani la siku ya kuzaliwa ya watoto, linafanya nywele za watu kuwa kichekesho, na waliokuwa na afro ya kweli hawacheki. Halafu, kabla hujamtania shangazi kuhusu Operesheni Vijana, sikiliza kwanza. Pengine yeye ni mmoja wa waliokimbia.

Linamfaa nani. Wacheza dansi. Wenzi waliooana wakati huo na wanaosherehekea miaka 50. Kundi la marafiki linalotaka kufanana bila kushona sare. Wasiopenda kufunikwa wala kufungwa fungwa.

UKIWA BADO UMEKWAMA

Kama zimebaki siku tatu, nenda kwa Siti. Doti, utepe wa kiunoni, asumini, umemaliza. Muda uliobaki utumie kutafuta kofia au koti zuri. Kama una mwezi na fundi mnayesikilizana, Unguja ya masultani itakulipa kila jioni uliyokaa naye, hasa kama wewe ni bibi au bwana harusi.

Kama unajua utacheza, usibishane na nafsi yako: zilipendwa. Kama utakaa meza ya wazee na kazi yako ni kuamkia wageni, kanzu na koti au kanga mbili zitakubeba usiku kucha, na joho litakuchosha kabla ya keki.

Mkiwa familia yenye watoto na vijana na babu, msivae kale tatu. Chagueni mwaka mmoja wote, halafu kila mmoja atafute mtu wake ndani ya mwaka huo: muuza kahawa, mwalimu wa chuo, mpiga fidla, bibi wa kanga. Babu mwachieni suti yake ya Kaunda kama mwaka unaruhusu. Kama hauruhusu, rudini mubadilishe mwaka, maana babu hataibadilisha suti.

Walio ughaibuni, London au Toronto, kumbukeni baridi. Kanga juu ya koti la theluji haipendezi kwa picha. Vaeni nguo nyembamba za joto ndani, na hapo joho la sufu linalotutesa sisi huku litakuwa rafiki yenu. Wa Muscat hawahitaji ushauri wangu kuhusu kilemba.

Kama wewe ndiye mwenye sherehe, andika mwaka kwenye kadi. "Vazi: Unguja, 1930" ni maneno matatu tu, na utaokoa kundi zima la familia.

Shangazi aliamua mwenyewe: kale yake, ya alipokuwa msichana. Akaja na kitenge cha Urafiki kilichokaa sandukuni kikinuka karafuu, na raizoni zake za asili. Soli ya kushoto iliachia pale mlangoni, ya kulia ikafuata karibu na jukwaa. Alicheza pekupeku mpaka saa saba. Kwa hiyo na wewe mwenye vyako vya asili kabatini, vipitishe kwa fundi viatu kwanza, gundi yake ina umri wa mjukuu wako mkubwa mara mbili.